Duro Ladipo: Ngoma zake zilikataliwa kanisani, akazifikisha Berlin

Pasaka ya mwaka 1961, katika mji wa Osogbo, kusini magharibi mwa Nigeria, mwalimu mmoja wa shule aliingia kanisani na ngoma. Alikuwa ametunga wimbo mrefu wa kwaya kwa lugha ya Kiyoruba. Ngoma zikalia, na ugomvi ukaanza.

Kwa waumini wengi, zile zilikuwa ngoma za miungu ya zamani. Wakazikataa.

Mwalimu huyo alikuwa Duro Ladipo. Baba yake alikuwa katekista wa Anglikana na alitamani kijana wake awe mchungaji. Kwa hiyo waliomgeuka hawakuwa watu baki, ni watu waliomlea.

Kwa nini aling'ang'ania ngoma?

Kwenye Kiyoruba, sauti ikipanda au kushuka, neno hubadilika maana. Ukichukua maneno ya Kiyoruba na kuyaweka kwenye tuni ya Kizungu, unaweza kuimba kitu kingine kabisa bila kujua.

Lakini ngoma ya dundun ina kamba pembeni. Mpigaji akizibana kwapani sauti inapanda, akilegeza inashuka. Hivyo ngoma inaongea kabisa: inaita mtu jina, inamsifu, hata inamsema. Ladipo aliona kwamba bila ngoma hiyo, wimbo wa Kiyoruba ni nusu tu.

Baa yageuka jukwaa

Ladipo alikuwa na baa yake pale mjini. Akishirikiana na Ulli Beier, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Ibadan, Machi 1962 aliigeuza kuwa kituo cha sanaa.

Ibadan tayari kulikuwa na klabu ya waandishi iliyoitwa Mbari, jina la Kiigbo. Watu wa Osogbo walipolisikia, masikio yao ya Kiyoruba yakalipa maana nyingine: nikiona, nitafurahi. Basi kituo kikaitwa Mbari Mbayo.

Klabu hiyo ya Ibadan ina uhusiano na kwetu pia. Es'kia Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake, alihamia Nairobi na mwaka 1963 akaanzisha kituo cha sanaa cha Chemchemi.

Mfalme ambaye hakujinyonga

Mwaka 1963 Ladipo akatoa kazi iliyompa jina: Oba Koso, opera ya Kiyoruba kuhusu Shango, mfalme wa Oyo. Mfalme anachoka na majemadari wake wawili wapenda vita, anawagonganisha, mpango unamgeukia. Watu wanamkimbia, naye anajinyonga. Ila wafuasi wake wanakana: mfalme hakujinyonga, amekuwa mungu wa radi. Ndiyo maana ya jina la opera hiyo.

Ladipo mwenyewe alicheza Shango. Mkewe, Abiodun, alikuwa Oya, mke wa mfalme. Ngoma zilikuwa katikati ya mchezo, zikimsifu na kumkabili mfalme.

Mwaka 1964 kundi hilo likapanda jukwaa la tamasha la sanaa mjini Berlin. Mwaka uliofuata likawa Uingereza, kwenye Tamasha la Sanaa la Jumuiya ya Madola. Ngoma zilezile zilizozua ugomvi kanisani sasa zilipigiwa makofi Ulaya, tena bila kubadilishiwa lugha.

Fundi wa taa akawa mchoraji

Ila huenda kazi yake kubwa zaidi ilibaki palepale mtaani. Mbari Mbayo haikudai cheti. Kulikuwa na warsha za uchoraji, na walioingia wengi walikuwa vijana wa kundi lake la maigizo.

Jimoh Buraimoh alikuwa mtu wa taa za jukwaani. Akaja kujulikana kwa picha anazozitengeneza kwa shanga. Muraina Oyelami na Rufus Ogundele walikuwa waigizaji, wakawa wachoraji. Twins Seven Seven alifika akiwa mcheza dansi aliyezunguka na muuza dawa. Mwaka 2005 UNESCO ilimtangaza kuwa Msanii wa Amani.

Watu wa sanaa duniani leo wanawaita vijana hao kwa jina moja: shule ya Osogbo. Shule ambayo ilianzia baa.

Ladipo alifariki dunia tarehe 11 Machi 1978, akiwa bado mtu wa jukwaani. Abiodun, Oya wake, hakuondoka jukwaani. Aliendelea kulibeba kundi, na Oba Koso ikaendelea kuchezwa, ngoma zikiwa mbele.