D. O. Misiani: Manju wa Benga na Mfalme wa Historia

Jumatano ya tarehe 17 Mei 2006, ajali ya barabarani mjini Kisumu ilikatiza uhai wa Daniel Owino Misiani, kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz. Alikuwa na umri wa miaka 66. Kwa wapenzi wa benga, msiba huu haukuwa wa kumpoteza mcheza gitaa tu. Waliondokewa na manju aliyekuwa amewasimulia historia yao wenyewe kwa takriban miaka 40, hata wakamvika lakabu ya Mfalme wa Historia.

Misiani hakuzaliwa Kisumu. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, kaskazini mwa Tanganyika ya wakati huo, kwenye mwambao uleule wa Ziwa Viktoria. Waluo wamekalia pande zote mbili za mpaka uliochorwa na wakoloni. Kwao, safari ya kutoka Shirati hadi Kisumu ni sawa na kuvuka ua wa jirani. Alilelewa katika nyumba ya dini, ambamo gitaa lilitazamwa kama chombo cha anasa na upotofu. Kijana huyo hata hivyo alishaamua lake, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika miaka ya 1960 aliingia Kenya kutafuta riziki kwa muziki, akaanzisha kundi ambalo, baada ya kubadilisha majina mara kadhaa, lilikuja kujulikana kote kwa jina la kwao: Shirati.

Muziki aliouchagua ndio kwanza ulikuwa unachipuka. Benga ilizaliwa pale vijana wa Nyanza walipojaribu kuhamishia kwenye gitaa mapigo ya nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi nane. Misiani hakuwa peke yake katika uwanja huo. Walikuwapo George Ramogi, John Ogara na Collela Mazee, kila mmoja akiwa na mchango wake. Lakini Misiani ndiye aliyeipa benga umbo ambalo wengi walilifuata. Gitaa la kuongoza hujibizana na mwimbaji neno kwa neno, na besi hutembea kwa nguvu chini yao. Maneno yakishakwisha, magitaa huachiwa uwanja na mwendo hushika kasi hadi wachezaji watoke jasho. Umbo hilo liliafikiana vyema na santuri ndogo za wakati huo: upande mmoja ulibeba kisa, na upande wa pili ngoma.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, uzito wa Misiani umo katika kile kisa. Aliimba zaidi kwa Dholuo, na mbinu zake zilikuwa zile zile ambazo fasihi simulizi ya Kiafrika imezitumia tangu jadi. Alichota visa vya Biblia, akataja watu na mahali, akasifu marafiki na kuomboleza wafu. Alipotaka kumsema mtawala, alimvika ngozi ya mnyama. Tashihisi na istiari kwake hazikuwa mapambo ya lugha bali ngao. Mwenye masikio alisikia, na asiyetaka kusikia aliambiwa kuwa huo ni wimbo wa nyani na fisi tu.

Ngao hiyo ilihitajika. Mwaka 1969 ulikuwa wa machungu makubwa kwa watu wa Nyanza. Tarehe 5 Julai Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Tarehe 25 Oktoba, ziara ya Rais Jomo Kenyatta ya kufungua hospitali mpya mjini Kisumu ilimalizika kwa risasi na maafa. Chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Katika mazingira hayo msanii alikuwa na njia tatu: kunyamaza, kusifu au kufumba. Misiani alifumba, lakini mafumbo yake yalifumbuliwa pia na wenye dola. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Uzawa wake nao ulikuwa udhaifu uliokuwa tayari kutumiwa dhidi yake, kwa kuwa aliyeikosoa serikali ya Kenya alikuwa mzaliwa wa nchi nyingine. Hali ilikuwa ngumu zaidi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kijiji alikozaliwa na mji alikopatia riziki vikawa pande mbili za lango lililofungwa.

Nyimbo hata hivyo hazikuhitaji pasipoti. Mfanyabiashara Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia siasa, alizisambaza santuri za benga mbali sana. Huko Zimbabwe muziki huo ulipewa jina lake, ukaitwa kanindo, na ukachangia kuzaliwa kwa mtindo wa sungura. Nchini Kenya, benga ilikumbatiwa na waimbaji wa Kikuyu na wa Kikamba hadi ikawa mali ya taifa zima. Mwaka 1989 mikusanyo miwili ya Misiani na bendi yake, Benga Blast! na Piny Ose Mer, ilitolewa Uingereza.

Umri haukumlainisha. Chama kimoja kilipotoweka na vyama vingi kurejea mwishoni mwa mwaka 1991, wasanii wengi waliona kazi ya kukosoa imekwisha. Misiani hakuona hivyo. Katika miaka yake ya mwisho wimbo wake Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, uliwarudisha wanasiasa msituni kwa tashtiti kali, na wasikilizaji wa Kisumu hawakuhitaji mkalimani. Novemba 2005 Wakenya waliikataa rasimu ya katiba kwa kura ya maoni, na joto la siasa kando ya ziwa lilikuwa juu. Miezi sita baadaye, mtu ambaye angeufanya msimu huo kuwa kisa cha wanyama alikuwa maiti.

Urithi wake haukuzikwa naye. Mwaka 2010 rekodi zake za miaka ya 1970 zilikusanywa na kutolewa upya jijini London chini ya ile ile lakabu ya Mfalme wa Historia. Vijana wa Nyanza wanaendelea kupiga benga kwa njia aliyoifyeka yeye. Lakini upo urithi mwingine unaohitaji mikono ya wasomi. Sauti zimehifadhiwa kwenye santuri. Maana yake imehifadhiwa katika vichwa vya watu wanaozeeka. Nani alikuwa fisi wa wimbo fulani, na kwa nini nyani alitajwa mwaka fulani, ni maarifa yatakayoondoka na waliomsikiliza wakati ule. Wimbo wa fumbo ukipoteza mfumbuzi, hubaki ngoma tupu.

Hapa ndipo Kiswahili kina wajibu. Lugha hii ilikwisha kuwapokea mashujaa wa tenzi na visa kutoka Uarabuni na Ulaya kwa njia ya tafsiri. Haitakuwa jambo la heshima ikishindwa kumpokea manju wa Shirati, aliyezaliwa Tanzania, akapata sifa Kenya, na kuvuma hadi Zimbabwe. Kuzinakili nyimbo zake, kuzitafsiri na kuzifafanua kwa msaada wa wazee wa Kisumu, Homa Bay na Shirati ni kazi inayowezekana leo. Mali bila daftari hupotea bila habari.