Terry Fox: Aliyekimbia kwa Mguu Mmoja Kulipa Deni

Njia za kuchangisha fedha ni nyingi, na mojawapo ya zile zinazostaajabisha ni kutumia miguu. Tangu mwaka wa 2001, wanaume katika miji kadhaa ya Marekani na Kanada wamekuwa wakivaa viatu vya mchuchumio na kutembea maili nzima barabarani, wakiyumbayumba na kushikana mikono wasianguke, ili kuchangisha fedha za kuwasaidia wanawake waliodhulumiwa. Watazamaji hucheka, kisha hutia mkono mfukoni. Hapa kwetu nayo matembezi ya hisani yamekuwa ada, na hakuna mwanafunzi asiyewahi kupitisha kadi ya mchango kwa majirani. Hata hivyo, ni nadra kujiuliza swali la msingi: kwa nini mtu atoe fedha zake kwa sababu mwenzake ameumia miguu? Kutembea hakumponyi mgonjwa wala hakumshibishi mwenye njaa. Kuna nini, basi, katika mwendo huo wa taabu?

Jawabu la haraka ni kwamba maumivu huamsha huruma. Mimi naona jawabu hilo halitoshi, na ili kulieleza jambo hili ningependa tuyatazame maisha ya kijana mmoja wa Kanada, marehemu Terry Fox, ambaye mwaka wa 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa mguu mmoja wa nyama na mwingine wa bandia. Katika nchi yake hakuna mtoto wa shule asiyemjua. Kwetu ni wachache wanaomjua, ilhali maisha yake yana fundisho linalotuhusu moja kwa moja, sisi walimu na wanafunzi wa nchi ya harambee.

Terrance Stanley Fox alizaliwa mjini Winnipeg tarehe 28 Julai 1958, mtoto wa pili miongoni mwa wanne wa Rolland na Betty Fox. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli. Terry alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia upande wa magharibi, katika jimbo la British Columbia, na hatimaye ikafanya makao katika mji wa Port Coquitlam. Huko ndiko alikosomea, na huko ndiko tabia yake ya kutokubali kushindwa ilikodhihirika mapema.

Aliupenda mno mpira wa vikapu, ingawa alikuwa mfupi na hakuwa na kipaji cha kuonekana. Mwalimu wake wa michezo alimshauri ajaribu mbio badala ya mpira. Fox alizikimbia mbio hizo kwa heshima ya mwalimu, lakini mpira hakuuacha. Katika timu ya wachezaji 19 alikuwa wa 19, na msimu mzima alichezeshwa dakika moja tu. Alifika shuleni mapema kufanya mazoezi, akarudia na kurudia, hata katika madarasa ya juu akawa mchezaji tegemeo. Mwaka wake wa mwisho wa sekondari alitunukiwa heshima ya mwanamichezo bora wa shule pamoja na rafiki yake, Doug Alward. Kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Simon Fraser kusomea sayansi ya mwendo wa mwili. Nia yake ilikuwa kuwa mwalimu wa michezo.

Mnamo Novemba 1976 alipata ajali ya gari akirejea nyumbani. Aliumia goti la kulia, na kwa kuwa maumivu hayakuwa makali aliyapuuza hadi msimu wa mchezo ulipokwisha. Machi 1977 maumivu yalizidi. Madaktari walipompima waligundua kwamba alikuwa na saratani ya mfupa, wakaukata mguu wake wa kulia yapata sentimita 15 juu ya goti. Alikuwa na umri wa miaka 18. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani alimletea makala ya jarida kuhusu Dick Traum, Mmarekani aliyekatwa mguu ambaye alikuwa amemaliza mbio za marathoni za New York. Fox alilala na wazo hilo kichwani.

Lililofuata ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Kwa miezi 16 Fox alitibiwa kwa dawa kali za kuangamiza chembe za saratani. Nywele zilipukutika. Katika wodi aliwaona vijana na watoto wakidhoofika na kufa kitandani, vilio vyao vikipenya kuta. Aidha, alipata kufahamu jambo ambalo hakulisahau tena. Madaktari walimpa uwezekano wa kupona wa asilimia 50. Lau angaliugua miaka miwili tu kabla ya hapo, uwezekano huo ungalikuwa asilimia 15. Ugonjwa ulikuwa ule ule na mwili ungalikuwa ule ule. Kilichobadilika ni utafiti, na utafiti hauji bila fedha. Watu asiowajua, ambao hawakumjua, walikuwa wamechanga fedha zilizomwokoa kabla hajaugua.

Hapo ndipo Fox alipojiona kuwa mdaiwa. Tuzingatie tofauti iliyopo baina ya maneno mawili ya lugha yetu. Hisani, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni wema atendao mtu bila ya kulazimika. Anaweza kuutenda au kuuacha, na akiutenda husifiwa. Deni haliko hivyo. Anayelipa deni hasifiwi sana, kwani ametimiza tu lililompasa. Fox aliondoka hospitalini akiwa na hisia ya deni, na asingeweza kuwalipa waliomkopesha kwa kuwa hakuwajua. Njia ya pekee ilikuwa kuwalipa watakaougua baada yake, ambao pia hakuwajua.

Alianza na mpira wa vikapu wa viti vya magurudumu, ambapo timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Kisha, kwa muda wa miezi 14, akafanya mazoezi ya kukimbia kwa mguu wa bandia. Katika shindano la Prince George mwaka wa 1979 alimaliza wa mwisho, dakika 10 nyuma ya aliyemtangulia, lakini alimaliza. Oktoba mwaka huo huo aliiandikia barua Jumuiya ya Saratani ya Kanada akiomba iunge mkono azma yake ya kukimbia kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, umbali wa takriban kilomita 8,000, ili kuchangisha fedha za utafiti. Wakuu wa jumuiya hiyo walikuwa na shaka, na mama yake naye aliipinga safari hiyo mwanzoni. Hatimaye walikubali. Kampuni ya Ford ilitoa gari, ya Imperial Oil ikatoa mafuta, na ya Adidas ikatoa viatu. Kampuni yoyote iliyomtaka aitangazie bidhaa aliikataa. Hakutaka mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo, apate faida kutokana na mbio hizo.

Tarehe 12 Aprili 1980, katika mji wa St. John's, aliutumbukiza mguu wake wa bandia katika maji ya Bahari ya Atlantiki, akajaza chupa mbili za maji, moja akinuia kuyamwaga katika Bahari ya Pasifiki mwisho wa safari. Kisha akaanza. Kila siku alilenga kilomita 42, yaani marathoni nzima, katika upepo, mvua na theluji. Doug Alward aliendesha gari na kupika. Baadaye Darrell, mdogo wake Terry, aliungana nao, maana marafiki hao wawili walikuwa wamechoshana hadi wakawa hawasemezani. Nalitaja hili ili tusimgeuze Fox kuwa malaika. Alikuwa mkali na mkaidi, na kukataa kwake kwenda kupimwa na daktari njiani kuliwatia wengi wasiwasi.

Mwendo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mguu wa bandia ulihitaji muda wa kujirudisha baada ya kila hatua, kwa hiyo iliubidi mguu wake mzima uruke mara mbili. Kigutu kilichubuka na kutoka damu. Walioutazama mwendo huo walikosa neno la kuuita: wengine waliona kuchechemea, wengine kuchupachupa, wengine kutembea kwa haraka. Fox alishikilia kwamba ni kukimbia, na hakukubali uitwe vinginevyo. Mimi, kama mwanaisimu, nauona msimamo huo kuwa na uzito. Tazameni jinsi lugha yetu ilivyozoea kuwaita wenye upungufu wa viungo: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibogoyo. Wote hao wamevishwa kiambishi cha ngeli ya vitu na vitu vidogo, ingawa sarufi huwarudishia utu wao katika kitenzi, kwani tunasema kiwete amefika wala si kiwete kimefika. Ndiyo maana siku hizi tunahimizwa kusema watu wenye ulemavu. Fox alidai haki ya namna hiyo: alitaka atambulikane kwa tendo lake, wala si kwa kiungo alichopungukiwa.

Mwanzoni michango ilikuwa ya kudondoka. Moyo wake ulitiwa nguvu katika mji mdogo wa Port aux Basques, uliokuwa na wakazi wapatao 10,000, ambao walimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Maana yake ni kwamba mji mzima, tajiri na maskini, ulikuwa umetoa wastani wa dola moja kwa kila mtu. Kutokana na hayo, lengo lake lilikua na kuwa bayana: dola moja kutoka kwa kila Mkanada, nao wakati huo walikuwa yapata milioni 24. Katika jimbo la Quebec, ambako wengi husema Kifaransa, mambo yalimwendea vibaya. Yeye na wenzake hawakuijua lugha hiyo, wachache walielewa kwa nini anakimbia, na madereva walimsukuma nje ya barabara. Hapo panadhihirika kwamba maumivu peke yake hayasemi. Mguu ulikuwa ule ule, damu ilikuwa ile ile, lakini pasipo maelezo yenye kueleweka watu waliona kizuizi tu barabarani.

Katika jimbo la Ontario hali iligeuka. Isadore Sharp, mwenye hoteli za Four Seasons ambaye saratani ilikuwa imemuua mwanawe, aliahidi dola mbili kwa kila maili na kuwahimiza wafanyabiashara wenziwe wafanye vivyo hivyo. Mjini Toronto, tarehe 11 Julai, watu 10,000 walikusanyika kumlaki.

Tarehe 1 Septemba 1980, karibu na Thunder Bay, kikohozi na maumivu ya kifua yalimzidi. Aliendelea kukimbia mbele ya watu waliomshangilia kandokando ya barabara, na palipokosekana watu ndipo alipoingia garini na kuomba apelekwe hospitali. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alikuwa amekimbia kwa siku 143 na kuchangisha dola milioni 1.7. Wiki moja baadaye kituo cha televisheni cha CTV kiliandaa kipindi cha mchango kilichopata dola milioni 10.5. Kufikia Februari 1981 jumla ilikuwa dola milioni 24.17. Dola moja kwa kila Mkanada ilikuwa imetimia. Fox alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka 23. Maji ya Atlantiki hakuyafikisha Pasifiki.

Mbio za kila mwaka zilizoanza Septemba 1981 kwa jina lake zimechangisha zaidi ya dola milioni 800 za Kanada kwa ajili ya utafiti. Leo hii, wagonjwa wengi wa saratani ile iliyomkata mguu hutibiwa bila ya kukatwa mguu.

Sasa tujitazame. Nimehudhuria harambee nyingi za kulipia bili za hospitali, na mpangilio wake haubadiliki. Picha ya mgonjwa hupitishwa ili tumhurumie, waheshimiwa huketi mbele, majina na viwango hutajwa kwa kipaza sauti, na mwenye shilingi hamsini hutoa kwa aibu. Bili ikilipwa tunatawanyika, hadi mgonjwa mwingine apatikane mwaka ujao kwa ugonjwa ule ule. Sisemi tuache kuwalipia wagonjwa. Utu hautaki hivyo. Nasema kwamba tunachanga ili kumtoa mmoja wodini, na aghalabu hatuchangi ili wodi yenyewe ipunguzwe watu.

Neno mchango linatokana na kuchanga, yaani wengi kuleta pamoja kidogo kidogo. Fox alilirudishia neno hilo maana yake. Kwa kipimo cha dola moja, waziri hakuwa mkubwa kuliko mvuvi. Wala hakuomba alipiwe bili yake. Aliomba fedha kwa ajili ya watu ambao bado hawajaugua. Na aliomba baada ya kutangulia kutoa, kilomita 42 kwa siku. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jawabu la swali tulilouliza. Miguu inayoumia haitushawishi kwa kutuliza machozi. Hutushawishi kwa kuonyesha kwamba anayeomba amekwisha kulipa sehemu yake, na kwamba sehemu yetu, iliyo ndogo zaidi, bado haijalipwa.

Fox alitaka kuwa mwalimu na hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Walimu wenzangu mnaoandaa matembezi ya hisani muhula ujao, waelezeni wanafunzi kwanza fedha zinakwenda wapi na zitamsaidia nani ambaye hawamjui. Kisha tangulieni nyinyi barabarani.