Santiago Ramón y Cajal, mchoraji wa neva

Barabara ya Kinsevere huleta makala Lubumbashi kila siku, kwa baiskeli na kwa malori. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa kama tusemavyo huku kwetu, alianguka kutoka juu ya lori lililojaa magunia, na tangu siku hiyo hasikii tena miguu yake. Mama aliniuliza swali moja tu: kwa nini mfupa uliovunjika huunga, na mshipa wa mgongo hauungi? Mimi nasoma lugha, si utabibu. Hata neno la kumjibia sikuwa nalo, kwa kuwa mshipa katika Kiswahili ni wa damu, ni wa fahamu, na hata kano za misuli wengi huziita mishipa. Nikitafuta neno, nilikutana na maisha ya mtu aliyejiuliza swali la Mama zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa mpasuaji wa vijijini aliyejisomesha kwa shida mpaka akawa daktari kamili. Alitaka mwanawe afuate njia hiyo, lakini mtoto alitaka kuchora, na baba aliuona uchoraji kuwa uvivu. Santiago alikuwa mtundu. Akiwa na miaka 11 alitengeneza mzinga, akabomoa lango la jirani, akalala mahabusu siku kadhaa. Baba alimpeleka akajifunze kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu. Kilichowapatanisha ni mifupa. Mwaka 1868 baba alimchukua makaburini kutafuta mifupa ya kusomea anatomia, na kijana akaichora kwa furaha. Mwaka 1873 alihitimu udaktari mjini Zaragoza.

Jeshi lilimpeleka Cuba mwaka 1874, wakati Hispania ikipigana na waasi wa kisiwa hicho. Malaria ilimdhoofisha, akarudi nyumbani mwaka uliofuata akiwa mgonjwa. Baadaye alipatwa na kifua kikuu. Alipopona aliiacha njia ya kutibu wagonjwa, akachagua hadubini. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, wakazaa watoto saba.

Alikuwa profesa Valencia, na mwaka 1887 alihamia Barcelona. Mwaka huohuo, akiwa safarini Madrid, daktari Luis Simarro alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia ya Mwitalia Camillo Golgi, iliyovumbuliwa mwaka 1873. Kemikali ya fedha hugeuza seli chache kuwa nyeusi kabisa, na nyingine zote hubaki bila rangi. Wataalamu wengi wa wakati huo, Golgi akiwa mmoja wao, waliamini kwamba neva zote ni wavu mmoja usiokatika, kama nyavu za wavuvi wa Luapula. Cajal alifanya jambo dogo lenye akili. Badala ya ubongo wa mnyama mzima, alichukua wa viinitete na wa makinda, ambao nyuzi zake hazijavikwa bado ala ya mafuta inayozuia rangi kupenya. Hapo seli zilionekana wazi, kila moja peke yake. Hazikuunganika. Mkia wa seli moja, tunaouita leo aksoni, uliishia karibu kabisa na mwenzake. Kwa hiyo habari hupita kutoka seli hadi seli, kama watu waliopanga mstari wakipokezana matofali.

Hayo aliyaandika mwaka 1888 katika jarida alilolichapisha kwa fedha yake mwenyewe, akiwa na mshahara mdogo na watoto wa kulisha. Jarida lilikuwa la Kihispania, lugha ambayo wanasayansi wachache wa Ulaya waliisoma. Msomaji wa kitivo chetu ataielewa shida hiyo bila kufafanuliwa. Alianza kutoa makala zake kwa Kifaransa pia, na mwaka 1889 akafunga vioo vyake katika mizigo, akaenda mkutano wa wanaanatomia Berlin. Huko aliongea Kifaransa cha kuunga-unga, akiwavuta watu mmoja mmoja waje kuchungulia. Albert Kölliker, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote pale, alichungulia akakubali. Husimuliwa kwamba baadaye alijifunza Kihispania ili amsome Cajal.

Mwaka 1890, katika ugwe wa mgongo wa kiinitete cha kuku, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, Cajal aliona kwamba ncha ya aksoni inayokua imevimba kidogo. Aliiita koni ya ukuaji. Seli alizozitazama zilikuwa zimekwisha kufa, hata hivyo alitambua kwamba koni ile ilikuwa safarini, ikipapasa na kusukuma njia kati ya seli nyingine. Mwaka 1892 alidokeza kwamba huvutwa na kemikali zitokazo kule inakokwenda, kama siafu wafuatavyo harufu. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison aliweka kipande cha kiinitete cha chura katika tone la limfu, akaona nyuzi za neva zikirefuka mbele ya macho yake.

Cajal alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, akigawana na Golgi. Siku ya kupokea, Golgi alitumia hotuba yake kuutetea wavu. Cajal alivumilia, akarudi Madrid kazini.

Kazi iliyobaki ndiyo inayotugusa sisi nyumbani. Alikata neva za wanyama na kufuatilia kinachotokea. Neva ya mguu ikikatwa, aksoni huchipua tena. Ugwe wa mgongo ukikatwa, aksoni hujaribu kidogo, kisha ncha zake huvimba kama rungu na kusimama. Lakini mwaka 1911 mwanafunzi wake Francisco Tello alipandikiza kipande cha neva ya mguu katika ubongo wa sungura, na nyuzi za ubongo zikaingia ndani yake. Katika kitabu kikubwa cha 1913 na 1914, Cajal alitoa hukumu nzito kwamba njia za neva za mtu mzima zikifa hazirudi. Papo hapo aliwaachia wanasayansi watakaokuja kazi ya kuitengua hukumu hiyo. Watu wengi waliishika hukumu, wachache waliukumbuka ubongo wa sungura wa Tello.

Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Hadubini za elektroni zilipokuja, zilionyesha ndani ya aksoni vijibomba vyembamba mno vya protini, mikrotubuli. Ndivyo nguzo za aksoni na ndivyo barabara za kusafirishia mizigo ndani yake. Aksoni inapokua, mikrotubuli husonga mbele kuelekea koni. Katika yale marungu ya Cajal, zimevurugika na kulala ovyo. Mwaka 2011 watafiti walitumia kiasi kidogo cha dawa ya saratani inayoimarisha mikrotubuli, na katika panya walioumizwa mgongo kovu likapungua, aksoni zikasonga. Naye Albert Aguayo na wenzake huko Montreal, mwaka 1980 na 1981, walilirudia wazo la Tello kwa vipimo vya kisasa. Wakipandikiza neva ya mguu, aksoni za ugwe wa mgongo zilirefuka ndani yake. Basi uwezo wa kukua haukufa wote. Sehemu ya kizuizi ni mazingira yanayoizunguka aksoni. Ndiyo maana leo hupandikizwa seli za neva za miguu, au zile za puani, katika majaribio. Tiba ya kutegemewa hospitalini haijapatikana.

Nilimweleza Mama hivi: neva ya mgongo hujaribu kuunga, lakini nguzo zake za ndani huvurugika na udongo unaoizunguka huikataa, watu wanatafuta namna ya kuzisimamisha nguzo na kuubadilisha udongo. Yaya alikuwa amelala pembeni akisikiliza. Aliuliza kama ni kwa panya tu. Nikamwambia kwamba kwa watu bado wanajaribu, na kwamba nisingependa kumdanganya. Akaniomba nimwonyeshe michoro ya Cajal kwenye simu, akaitazama muda mrefu. Sasa nyumbani kwetu tunasema neva, tunasema ugwe wa mgongo, na mshipa tumeuachia damu.