Jacques Plante: Kipa Aliyekataa Kurudi Uwanjani Uso Mtupu

Wengi wetu tuliokuja huku ni watu wa kandanda, na hoki ya barafuni tunaipita tu kwenye runinga. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi niliposoma habari za Jacques Plante. Tangu hapo, kati ya wachezaji wa zamani, ndiye nimpendaye kuliko wote.

Plante alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1929, kifungua mimba katika familia ya watoto 11. Pesa ilikuwa haba nyumbani, akajifunza kufuma, na hata alipokuwa maarufu aliendelea kujifumia kofia. Pumu ilimzuia kuteleza kwa muda mrefu kwenye barafu, basi akasimama golini.

Akiwa na Montreal Canadiens alitwaa Kombe la Stanley mara 6, tano kati ya hizo mfululizo, 1956 hadi 1960. Enzi hizo makipa walicheza uso mtupu, na kile kisahani cha mpira mgumu kiliwavunja pua na mataya. Plante alikuwa na barakoa ya faibaglasi aliyoivaa mazoezini, lakini kocha wake, Toe Blake, hakuitaka kwenye mechi. Wengine waliiona ni woga tu.

Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso. Akashonwa, kisha akagoma kurudi bila barakoa. Timu haikuwa na kipa mwingine wa akiba, sasa Blake angefanyaje? Akakubali. Montreal wakashinda 3-1.

Mwaka 1970, akiwa na St. Louis, umri miaka 41, shuti lilimpiga kwenye barakoa akazimia. Mwenyewe aliamini barakoa ndiyo iliyomwokoa. Alifariki Geneva, Uswisi, mwaka 1986.

Kwa nini nawasimulia haya? Nilipokuwa mafunzoni kwenye karakana moja nyumbani, nilivua miwani ya kinga kwa sababu wenzangu walinicheka. Cheche ikanipata chini ya jicho. Kovu ninalo hadi leo. Ningekuwa na nusu ya ubishi wa Plante, nisingelipata.

Jamani, tutakaporudi kusimamia mitambo na watu, tusimcheke kijana anayejikinga. Leo hakuna kipa wa hoki ya kulipwa anayesimama golini uso mtupu, na hakuna anayemwita mwoga.