Henri Chrétien: mutaalamu wa nyota aliyepanua picha ya sinema

Katika kata ya Majengo, muji wa Goma, mutu akiangalia filme kwenye televizio ao simu, mara nyingi anaona mistari miwili myeusi, mumoja juu ya picha na mwingine chini. Wengine wanafikiri kifaa kimeharibika. Hapana: filme ilipigwa kwa picha pana kuliko kioo kinachoionyesha. Kati ya watu walioleta picha hiyo pana, mumoja wa kwanza ni Mufaransa Henri Chrétien, ambaye jina lake halijulikani sana leo.

Alizaliwa Paris tarehe 1 mwezi wa pili mwaka 1879. Kazi yake haikuwa sinema. Alikuwa mutaalamu wa nyota, na alifanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Nice, kusini mwa Ufaransa. Pamoja na Mumarekani George Ritchey, alichora muundo wa darubini unaotumika hata sasa: darubini Hubble, iliyopelekwa angani mwaka 1990, ilijengwa kwa muundo wao.

Wakati wa Vita ya kwanza ya dunia alifanya kazi kwa ajili ya jeshi. Askari aliye ndani ya kifaru anaona inje kupitia tundu ndogo tu, na Chrétien akatafuta kioo cha kumuonyesha mbele, kushoto na kuume kwa mara moja. Kisha vita, aliligeuza wazo hilo kwa faida ya sinema. Kioo chake akakiita Hypergonar.

Ufundi wake si mugumu kufahamu. Kioo kikiwekwa mbele ya kamera, kinabana picha kwa upana mpaka nusu, ili iingie katika ukanda wa kawaida wa milimita 35. Kwenye ukanda, watu wanaonekana wembamba na warefu. Wakati wa kuonyesha filme, kioo kingine kinaifungua picha tena, nayo inaenea kwenye kitambaa mara mbili zaidi.

Muongozaji Claude Autant-Lara alikijaribu katika filme fupi Construire un feu, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1930. Lakini wakati uleule filme zenye sauti zilikuwa zinaingia, na wenye majumba ya sinema walikuwa wametoa feza nyingi kununua vyombo vya sauti. Hawakutaka garama nyingine. Mwaka 1937, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, picha za Hypergonar zilionyeshwa juu ya ukuta wenye upana wa mita 60 na urefu wa mita 10. Upana huo unakaribia ule wa kiwanja cha mupira. Maonyesho yakaisha, na kioo kikasahauliwa tena.

Televizio ndiyo iliyokiamsha. Kisha Vita ya pili ya dunia, Wamarekani wengi walianza kubakia nyumbani na majumba ya sinema yakapoteza watu. Mwezi wa tisa mwaka 1952, Cinerama ilianza New York, kwa mashini tatu zilizorusha picha kwenye kitambaa kikubwa kilichopindika. Watu walikuja kwa wingi, lakini sinema za kawaida hazikuweza kubeba garama yake.

Mwezi wa kumi na mbili, Spyros Skouras, mukubwa wa kampuni Twentieth Century-Fox, akamufuata Chrétien Ufaransa. Muzee alikuwa na miaka 73. Muda wa hati ya uvumbuzi wake ulikuwa umekwisha kupita. Alibaki na vioo vyenyewe na ujuzi wake. Kampuni ikavichukua vioo na kuita ufundi huo CinemaScope. Tarehe 16 mwezi wa tisa mwaka 1953, filme The Robe ikafungua njia kule New York, na kampuni nyingine zikafuata.

Mwaka 1954 Chrétien alipewa Oscar ya ufundi pamoja na mafundi watano wa Fox. Alikufa Washington tarehe 6 mwezi wa pili mwaka 1956, akiwa na miaka 77.

Hakuishi kuona filme ambayo ufundi huo ulileta kutoka kwetu. Mwaka 1958 ilitoka Les Seigneurs de la forêt, iliyopigwa kwa CinemaScope katika Kongo ya Wabeleji na Heinz Sielmann pamoja na Henry Brandt. Gorila wa musitu wa Kongo wakaonekana katika sinema za Ulaya na Marekani kwa upana wote wa kitambaa. Lakini hapa Kongo, kwa miaka mingi, ni serikali ya ukoloni iliyochagua filme ambazo Mukongo aliruhusiwa kuangalia. Musitu ulionyeshwa kwa dunia, na wenyeji wake hawakuulizwa namna gani uonyeshwe.

Leo vijana wa Goma wanapiga filme kwa simu. Sokoni kuna vioo vidogo vya kubandika juu ya simu, vinavyobana picha kwa njia ileile ya Hypergonar. Jina la Chrétien halikuandikwa juu yake. Lakini sasa anayekishika kioo anaweza kuwa mutoto wa Majengo, na yeye mwenyewe ndiye anachagua kile kitakachoingia katika picha.