Robert-Houdin na sanduku lisiloinuka

Nyinyi wa mgodini mnaijua sumaku, ile inayovuta vipande vya chuma kwenye mkanda wa mawe. Kuko Mfaransa mmoja aliyeificha chini ya jukwaa la teatre.

Jean-Eugène Robert alizaliwa Blois mwaka 1805. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na yeye akashika kazi ile ile. Alipooa Cécile Houdin akaunga jina la mke na lake, njo maana anaitwa Robert-Houdin. Mwaka 1845 akafungua teatre yake ndogo pale Palais-Royal, Paris. Hakuvaa joho la mchawi. Alivaa koti la karamu kama watu waliokuja kumtazama. Vyombo vya kiinimacho alivitengeneza mwenyewe, pamoja na mchungwa uliochanua na kuzaa mbele ya macho ya watu.

Sanduku njo lililopita yote. Dogo, hata mtoto analiinua. Lakini chini yake kulikuwa chuma, na chini ya mbao za jukwaa sumaku ya umeme. Umeme ukipita, sanduku halitikisiki. Ukikatwa, linakuwa jepesi tena. Wakati ule ni watu wachache walioujua umeme.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ikamtuma Algeria. Kule marabu walikuwa wanaonyesha maajabu na kuchochea watu wakatae Wafaransa. Yeye alitumwa awazidi. Katika teatre ya Algiers akamwita mwanaume mwenye misuli, akamwambia amemnyang'anya nguvu zake. Yule akavuta sanduku, wapi! Kisha umeme ukapitishwa kwenye mkono wa sanduku, akaanguka magoti akilia, akakimbia. Robert-Houdin akajiacha pia apigwe bunduki, akaonyesha risasi ameikamata.

Hapo mimi ninamuona vingine. Paris watu walilipa tiketi wakijua wanachezewa. Ni kweli, yeye mwenyewe aliandika kwamba wakalimani waliwaeleza Waarabu ni ufundi tu. Lakini walieleza nyuma, woga umeshaingia.

Alikufa Juni 1871, karibu na Blois, mtoto wake Eugène akiwa amekufa vitani mwaka uliotangulia.

Sasa, toka hapa Masako ukishuka njia ya Buta unafika Kisangani, zamani Stanley Falls. Pale, Julai 1890, Mmarekani mweusi George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa mfalme Léopold II. Alieleza hila za watu wa Stanley: betri ya umeme chini ya koti, utepe mpaka kwenye kiganja, na chifu akipewa mkono anakaribia kuanguka. Risasi nayo: inafichwa kwenye mkono wa shati, bunduki inapigwa, muzungu anajifanya kuitoa ndani ya kiatu. Kwa hila hizo na masanduku machache ya pombe, aliandika Williams, vijiji vizima vilitiwa sahihi kuwa mali ya mfalme.