Aggrey, Mlezi wa Wanafunzi wa Ugenini

Majuzi nilikuwa Kisaju, msomaji mpenzi, pale unapoipa Kitengela mgongo kwa barabara ya Namanga na Isinya ingali mbele. Mimi ni mtu wa pwani, nimezoea minazi na kelele za bahari. Uwanda ule wa Kajiado hunifanya nijione mdogo, hata siku hizi ulipojaa seng'enge na mawe ya mipaka ya ploti. Mwenyeji wangu ni mzee wa Kimaasai tuliyejuana zamani. Kitinda mimba wake, wa kwanza katika boma lile kuingia chuo kikuu, alikuwa amerudi nyumbani katikati ya muhula na sanduku lake. Hakufeli wala hakukosa karo. Alisema tu kwamba katika bweni zima hapana anayejua lugha yake, na kwamba kila akifungua kinywa huulizwa habari za simba. Amechoka.

Mzee akaniomba niseme naye. Nilikubali shingo upande, maana jambo lile lilinitonesha kidonda. Mimi nami nilitolewa chuoni kwa maalimu wangu, Juzuu Amma iko kifuani, nikapelekwa shule moja ya bara ambako kofia yangu na matamshi yangu vilikuwa mchezo wa darasa. Muhula wa pili nilitoroka. Ningemwambia nini kijana yule?

Aliyeniokoa ni jirani, fundi mawe wa Kiluhya, aliyeingia kunywa chai pamoja nasi. Jina lake Aggrey. Nilipomwuliza ni jina la nani, akasema la babu yake, na zaidi ya hapo hajui. Wakina Aggrey wamejaa Kenya hii na wengi wao hawajui. Basi nikawasimulia wote wawili.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa mwaka 1875 Anomabu, mji wa pwani katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Baba yake alikuwa msemaji wa mfalme, kwa hiyo ufasaha aliurithi. Alisoma kwa wamisionari, akawa mwalimu angali kijana, na mwaka 1898 akapanda meli kwenda Marekani, kwenye chuo cha Livingstone, mji wa Salisbury, North Carolina. Hiki kilikuwa chuo cha watu weusi, lakini miongoni mwa weusi hao yeye alikuwa Mwafrika, mgeni wa lugha na wa kwao. Na nje ya geti la chuo, sheria za ubaguzi zilimngoja kama zilivyowangoja wenziwe. Alihitimu mwaka 1902, akabaki pale pale kufundisha na kuweka daftari la wanafunzi. Alioa mwanamke wa Virginia, wakapata watoto wanne. Miaka 22 ilipita kabla hajaiona tena Afrika. Likizo alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akisoma elimu ya jamii na saikolojia, elimu ya nafsi za watu, na mwaka 1922 akapata shahada ya pili.

Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes ulimweka katika tume ya kuchunguza elimu barani Afrika, yeye Mwafrika peke yake katika wazungu. Mwanzoni mwa 1924 tume ya pili ikafika kwetu Kenya. Nchi ilikuwa na uchungu: kipande kimefungwa shingoni mwa watu, Harry Thuku amehamishiwa Kismayu tangu 1922, na Wamaasai walioswagwa kutoka Laikipia mwaka 1911 hadi 1913 wamo katika hifadhi ya kusini, ambayo Kajiado hii ni sehemu yake. Mwaka uliofuata ripoti ikatoka, na shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete.

Hapa sitamficha msomaji. Ripoti zile zilisisitiza kazi za mikono na maisha ya kijijini, na Du Bois, mwanachuoni mweusi wa Marekani, alizipinga kwa nguvu. Nami naona alikuwa na haki. Aggrey aliwapa wakoloni maneno laini mno. Mfano wake wa piano, kwamba wimbo hautimii bila vidude vyeupe na vyeusi pamoja, uliwafurahisha walioketi juu.

Lakini kijana mmoja mmoja alipomsikia, mambo yalikuwa mengine. Alikuwa na hadithi ya tai aliyelelewa na kuku hadi akajidhani kuku, mpaka alipoelekezwa uso wake kwenye jua. Azikiwe alimsikia Lagos, naye akaja kuvuka bahari kwenda kusoma Marekani. Kwame Nkrumah alikuwa mwanafunzi Accra Aggrey alipokuwa msaidizi wa mkuu wa chuo cha Achimota, chuo ambacho Aggrey alishikilia kiwapokee wasichana pia. Dar es Salaam, kumbukumbu za ukoo wa Sykes zinasema kwamba Aggrey alikutana na Kleist Sykes mwaka 1924 akamhimiza Waafrika waungane. Kleist, mzaliwa wa Pangani, mwana wa askari wa Kizulu, naye alikuwa mtu wa kabila chache mjini. Mwaka 1929 African Association ikaundwa, Kleist akiwa katibu wake. Uganda, Ernest Kalibala aliyesoma Marekani alianzisha shule akaipa jina la Aggrey.

Aggrey mwenyewe alirudi New York kumalizia shahada ya udaktari. Homa ya uti wa mgongo ikamchukua tarehe 30 Julai 1927, umri miaka 51, kitabu hakijaisha. Nkrumah alikaa siku tatu bila kula. Mwaka 1934 serikali ya Uingereza ilifungua London bweni la wanafunzi wa Kiafrika, ikaliita Aggrey House, na chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi kikalisusia kwa kuona ni mtego wa serikali. Sijui kama marehemu angecheka au angelia.

Kijana alisikiliza kimya. Kisha akauliza jambo moja tu: mwaka ule wa kwanza, kule Salisbury, Aggrey alikuwa akizungumza na nani usiku? Sikuwa na jibu. Nikamweleza habari ya shule niliyoitoroka, ambayo hata wanangu hawajapata kuisikia.

Jumatatu alfajiri tulisimama barabarani kungoja matatu ya Nairobi. Fundi Aggrey alibeba sanduku. Baba na mwana walisemezana kirefu kwa Kimaasai, mimi nimesimama kando, sijui hata neno moja. Kisha kijana akapanda, akaniachia mimi nafasi ya dirishani.